Gundi, pini na betri: vifaa vya ski ya mlimani baada ya msimu mzima kwenye Alps

Karibuni watazamaji. Mezani leo kuna vifaa vya ski ya mlima wa wazi, yaani kuteleza kwenye theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni, ile ambayo unapanda kwa miguu yako mwenyewe, hakuna lifti, hakuna njia iliyosawazishwa na mashine. Ukimkumbuka Philip Boit wa Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi pale Nagano, Japani, 1998, yeye alishindana kwenye njia iliyotengenezwa. Huku ni habari nyingine: barafu zenye nyufa, na miteremko ya digrii 30 hadi 45, ambayo ndiyo hasa inayoporomosha theluji.

Mzigo wote huu umefanya kazi ya kuongoza watu kuanzia Januari hadi mapema Mei, Chamonix, Ufaransa, na ile njia ndefu ya kuvuka kwenda Zermatt, Uswisi. Niseme mapema: vitu vya bei kali havikusumbua. Kilichosumbua ni gundi, vipande vya barafu vidogo kama punje ya mchele, na betri. Tutakaa hapo.

Ski zenyewe nazimaliza haraka. Upana wa milimita 95 hadi 100 katikati, uzito wa gramu 1,400 hivi kwa kila moja. Nyepesi zaidi ya hapo unafurahia kupanda, halafu unaposhuka kwenye theluji ngumu ya asubuhi inakutikisa mpaka meno. Basi.

Sasa ngozi. Hizi si ngozi za mnyama siku hizi, jina tu limebaki. Ni kitambaa chenye manyoya upande mmoja na gundi upande wa pili, unakibandika chini ya ski. Manyoya yamelala kuelekea nyuma, kwa hiyo ski inateleza mbele lakini hairudi. Mohea, yaani manyoya ya mbuzi wa angora, inateleza vizuri sana ila inachakaa upesi. Nailoni inashika na kudumu, lakini kila hatua unaisikia kwenye paja. Mchanganyiko wa mohea asilimia 70 na nailoni 30 ndio ninaoupendekeza kwa siku ndefu. Unapozikata, acha kingo za chuma wazi, milimita 2 kila upande. Ukifunika kingo, kwenye mteremko mgumu wa ubavuni ski itakuponyoka ukiwa na mzigo mgongoni.

Gundi huharibikaje? Si baridi peke yake. Unavua ngozi kileleni kwenye upepo, theluji laini inarukia gundi, unazikunja hivyo hivyo na kuzitupa kwenye begi. Mpando wa pili hazishiki tena. Dawa yake: kunja gundi kwa gundi papo hapo, zitie ndani ya koti kifuani, si begini. Kabla ya kubandika tena, futa tumbo la ski kwa kikwangulio na kitambaa kikavu mpaka lisiwe na unyevu hata kidogo. Zikigoma kabisa, funga mikanda miwili ya mpira kuzunguka ski na ngozi, mmoja mbele ya kiatu, mwingine nyuma. Mikanda hiyo ni ya bei ndogo kuliko kitu chochote hapa mezani. Beba minne.

Kuna na ugonjwa wa masika. Unapanda juani, manyoya yanalowa, unaingia kivulini, maji yanaganda, na theluji inajikusanya chini ya mguu kama ugali kwenye mwiko. Kipande cha nta ngumu kinasaidia: paka upande wa manyoya tu, kutoka mbele kwenda nyuma, asubuhi kabla hazijalowa. Ukisubiri mpaka zimeloa umechelewa. Na jioni kwenye kibanda cha kulala njiani, iwe Dix au Vignettes, usizitundike juu ya jiko. Gundi inalainika, kesho inabaki kwenye ski badala ya kubaki kwenye ngozi, na kuikwangua ni kazi ya nusu siku.

Twende kwenye vifungio, yaani vinavyoshika kiatu kwenye ski. Hivi vya pini alivibuni Fritz Barthel wa Austria, miaka ya 1980. Pini mbili zinashika vitundu vya chuma kwenye ncha ya kiatu, kisigino kiko huru unapopanda, kinafungwa unaposhuka. Tatizo lake ni springi zilizo chini ya kipande cha mbele. Theluji ikijipenyeza hapo ikaganda, taya hazifungi hadi mwisho. Unasikia mlio, unadhani umefungwa, kona ya pili kiatu kinachomoka. Kwa hiyo chokoa barafu kwa ncha ya fimbo au kisu. Ingiza kiatu, kisha nyanyua na kushusha kisigino mara tano au sita ili pini zisage barafu iliyobaki vitunduni. Ndipo ufunge kisigino.

Na wenzo ule wa mbele, jamani. Ukiuvuta juu umekaza mguu, na hivyo ndivyo unavyopanda. Ukishuka, urudishe chini. Ukiuacha juu, kiatu hakiwezi kufunguka kwa pembeni vizuri, na mfupa ndio utakaolipa.

Vifungio vyepesi vya gramu 300 vinatosha kwa kazi hii. Angalia nafasi kati ya kisigino na kifungio: baadhi vinataka milimita 4, vingine vinataka pasiwe na nafasi kabisa. Soma kitabu chake, usikisie. Skrubu nazo hulegea. Bisibisi yake ni Pozidriv namba 3. Ile ya Phillips mliyonayo nyumbani inafanana nayo lakini itakula kichwa cha skrubu.

Begi la puto, ambalo ukivuta mpini linajaa hewa ili ubaki juu ya theluji inayoporomoka, ni bima ya ziada. Utafiti uliotoka 2014 ulionyesha kwamba kati ya waliobebwa vibaya na maporomoko, vifo vilishuka kutoka asilimia 22 hadi 11 puto likijaa. Lakini karibu moja kati ya matano halikujaa, na sababu kubwa ni kwamba mwenyewe hakuvuta mpini. Utoe mpini nje ya mfuko wake kabla ya mteremko wa kwanza.

Transiva, kifaa cha mawimbi ya kilohezi 457 kinachotuma na kupokea ishara ili aliyefukiwa apatikane, kina antena tatu na kinavaliwa chini ya koti. Weka betri za alikalaini mpya. Za kuchaji hazifai kwenye vifaa vingi kwa sababu volti yake inakaa juu halafu inaanguka ghafla, na asilimia unayoiona inakudanganya. Ikishuka chini ya 50, badilisha. Simu ikae sentimita 20 mbali nacho kinapotuma, na 50 unapotafuta. Bora uizime.

Aliyefukiwa ana dakika 10 hivi za matumaini makubwa, baada ya hapo mambo yanaporomoka haraka. Transiva ikionyesha umebakiza mita 3 kumfikia, punguza mwendo, shusha kifaa hadi kiguse theluji, tafuta namba ndogo kabisa. Hapo chomeka fimbo ya kupimia, inayofanya kazi kama bambo kwenye gunia la mahindi. Ichome kwa pembe mraba na mteremko, ukizunguka kama konokono, sentimita 25 kati ya tundu na tundu. Nunua ya sentimita 280 au 300, na yenye kufungwa kwa waya wa chuma. Ikigusa mwili, iache hapo hapo. Nenda chini ya mteremko, umbali wa mara moja na nusu ya kina ambacho fimbo imeingia, ndipo uanze kuchimba kuelekea kwenye fimbo.

Koleo liwe la aluminiamu. La plastiki linapinda na kudunda, maana theluji iliyoporomoka hukaza kama zege, na mita moja ya ujazo ina kilo 300 hadi 500. Mpini unaorefuka, na bapa linaloweza kugeuzwa likawa jembe. Hiyo ya jembe niliiona kama mapambo ya dukani mwanzoni. Sasa nimebadili kauli: watu watatu wakichimba kwa mstari, wa nyuma akivuta theluji kwa jembe badala ya kuinyanyua, mgongo unapona na shimo linakwenda.

Kabla ya kutoka maegeshoni, mmoja asimame na transiva yake kwenye hali ya kupokea, wengine wapite mbele yake mmoja mmoja wakiwa wanatuma. Asiyesikika arudi kwenye gari, afungue mfuniko wa betri.