Vipuri vya kuliongezea gari makali: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Mtu akishapata gari analolipenda, anachokitamani kwanza ni mlio. Anabadilisha ekzosi, anachomeka chujio la hewa la koni, kisha anashangaa kona ya kwanza tu gari la kawaida la familia linamwacha. Simcheki, maana nami nilianzia huko huko.

Orodha hii nimeipanga kwa swali moja: pesa ileile, ukiiweka wapi utaihisi zaidi ukiwa umeshika usukani? Na kabla ya kununua chochote, maliza matengenezo. Gari linalovuja oili na lenye plagi zilizochoka halina haja ya kipuri cha mashindano, lina haja ya fundi.

1. Tairi

Hapa sina mjadala na mtu. Nguvu yote ya injini, breki zote na kona zote hupita kwenye vipande vinne vya mpira vinavyogusa barabara, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kiganja hivi. Tairi mbovu hufanya kila kipuri kingine kiwe pambo.

Soma ubavuni. Tairi nyingi huandikwa namba ya ulaji (TREADWEAR): za safari ndefu huwa 400 na zaidi, za michezo hushuka hadi 200 hivi. Kadiri namba inavyoshuka, ndivyo mpira unavyoshika zaidi na kuisha mapema. Ila namba hiyo kila mtengenezaji hujipimia mwenyewe, kwa hiyo usiitumie kulinganisha tairi za kampuni mbili. Tafuta pia tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa stoo miaka sita ni jipya kwa macho tu. Na kama unaendesha kwenye mvua mara kwa mara, achana na yale ya mashindano yenye mifereji michache. Kwenye maji yaliyotuama yanaelea.

2. Mafuta ya breki na pedi

Wengi hukimbilia kalipa (vyuma vinavyobana pedi kwenye diski) kubwa za rangi nyekundu. Jaribu hivi kwanza: mahali salama pasipo na watu, kanyaga breki kwa nguvu zote. ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasifunge) ikitetema mguuni, breki zako zina nguvu ya kutosha, kilichoishiwa ni tairi. Kalipa kubwa hazitakusimamisha mapema zaidi.

Breki huanza kukusaliti zikipata moto mara kwa mara, mfano kwenye mteremko mrefu au uwanja wa mbio. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. DOT 4, mojawapo ya madaraja ya mafuta hayo, ikiwa mpya lazima ivumilie angalau nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubanika, na pedali inazama mpaka kwenye zulia. Ukishaipata hali hiyo mara moja hutaisahau. Badilisha mafuta kila miaka miwili, au mapema zaidi kama unakwenda uwanjani. DOT 5.1 inachanganyika na DOT 4. DOT 5 ni silikoni, usiichanganye na hizo.

Pedi nunua za barabara zenye daraja la michezo. Pedi za mashindano hasa hutaka joto ndipo ziume, na asubuhi gari likiwa baridi zinakupeleka kwenye bampa ya mwenzako. Diski zilizotobolewa zinapendeza, lakini zikipata moto sana nyufa huanzia kwenye matundu. Chukua diski za kawaida zilizotengenezwa vizuri.

3. Shokapu, springi na boshi

Hapa ndipo watu wengi huingia mkenge. Springi zilizokatwa kwa msumeno ni bure, lakini pia ni hatari: shokapu linabaki na urefu wake wa zamani, linafika mwisho kila shimo, na springi inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake. Shokapu za kurekebishika za bei ya kutupa nazo nyingi zina vitufe vya kuzungusha visivyobadilisha chochote. Kama mfuko hauruhusu seti nzuri, shokapu bora zenye urefu wa kiwandani pamoja na boshi mpya (mipira ya kwenye viungo vya chini ya gari) zitakupa gari jingine kabisa.

Uliza: shokapu likichoka, linafunguliwa na kutengenezwa upya? Vipuri vya ziada vipo? Jibu likiwa hapana, unanunua kitu cha kutupa.

Sasa jambo moja la gereji ambalo lilinigharimu. Nilibadilishiwa boshi zote za mikono ya chini (vyuma vinavyoshikilia magurudumu), na fundi akazikaza gari likiwa bado juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Boshi ya mpira haizunguki kama beringi, inajinyonga. Ukiikaza mkono ukiwa umening'inia, gari likishushwa inabaki imejinyonga muda wote. Zangu zilichanika ndani ya miezi miwili. Siku hizi nasimama pale pale: bolti zishikwe kwa mkono, gari lishuke likalie magurudumu, ndipo zikazwe kwa spana ya kipimo. Kisha moja kwa moja alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu.

4. Rimapu

Rimapu ni kubadili programu ya kompyuta ya injini. Gari likiwa na turbo (feni inayosukumia injini hewa zaidi), hapa pesa inazaa. Kompyuta ya injini ndiyo inayoamuru presha ya turbo, na kiwandani huacha akiba. Ongezeko la asilimia 20 si ajabu. Gari lisilo na turbo linavuta hewa kwa presha ya anga tu, kwa hiyo utapata nguvu za farasi chache na hadithi nyingi. Muuzaji asiyeuliza unatumia petroli ya oktani gani, mkimbie, kwa sababu oktani ikiwa ndogo injini hugonga, na injini inayogonga huvunja pistoni kimyakimya. Tenga na pesa ya klachi. Ikianza kuteleza, mshale wa mizunguko utapanda na mwendo hautaongezeka.

5. Rimu

Nunua kwa uzito, si kwa ukubwa unaovutia macho. Rimu ya inchi 19 iliyo nzito italifanya gari liondoke kivivu kuliko ile ya 17 uliyoivua. Pima mpangilio wa bolti mwenyewe, usiamini jina la gari: Subaru Impreza WRX STI ilihama kutoka 5x100 (bolti tano kwenye duara la milimita 100) kwenda 5x114.3 mwaka 2005, na gari kwa nje ni lile lile. Angalia ofseti (umbali wa uso wa kufungia rimu kutoka katikati ya upana wake), na tundu la katikati. Tundu likiwa pana kuliko habu (kitovu linapokaa gurudumu) na hukuweka pete ya kujaza nafasi, usukani utatetemeka hata usawazishe tairi mpaka uchoke. Baada ya kilomita 100 hivi, kaza nati tena.

6. Ekzosi na chujio la koni

Mlio, basi. Koni iliyowekwa wazi chini ya boneti huvuta hewa ya moto ya injini, na hewa ya moto ina oksijeni kidogo, hivyo unaweza kulipia kupunguza nguvu. Ikiwa lazima, chukua yenye kasha linalovuta hewa ya nje, na lile chujio la kupakwa mafuta usilizidishie, maana mafuta huchafua sensa ya hewa. Ekzosi ya nyuma ya katalisti (kisafisha moshi) haina madhara makubwa ila kwa majirani.

Seti ya turbo kwa injini isiyokuwa nayo sikuipa namba. Ukishahesabu injekta, pampu ya mafuta, rejeta, klachi na rimapu, mara nyingi ni rahisi kuuza gari na kununua lililotoka kiwandani na turbo yake.