Kompyuta ya gemu hapa Lubumbashi: nilianzia kwenye kadi ya picha, nikajuta

Saa moja na dakika kumi jioni. Kila siku, karibu dakika ileile. Niko katikati ya mechi, ghafla kioo kinakuwa cheusi, feni zinanyamaza, halafu mashine inajiwasha yenyewe kama vile haikufanya kosa. Asubuhi nilikuwa nacheza saa nne mfululizo bila shida yoyote, mchana vilevile. Giza likiingia tu, mambo yanaharibika. Mdogo wangu alishaanza kusema kuna mtu anatuchezea.

Mwaka mzima nilikuwa naweka dola kidogo kidogo ili nijitengenezee kompyuta ya mezani. Kadi ya picha niliijua hata kabla sijajua nitaichomeka kwenye nini. Nadhani wengi wetu ndivyo tunavyoanza: pesa nene inakwenda kwenye kadi, inayobaki kwenye prosesa, na pawa saplai (kisanduku kinachoigawia mashine umeme), ambayo sisi huku tunaiita alimantasio, unachukua yoyote ile muuzaji anayokutolea chini ya meza. Yangu ilikuwa ya dola 25. Ubavuni imeandikwa 650W kwa rangi ya dhahabu. Nikaridhika kabisa.

Mashine ilipoanza vituko nikairudisha mjini kwa kijana aliyeniuzia. Aliiwasha saa tano asubuhi, akaitazama dakika mbili, akakata hukumu: «Yaya, karte njo imekufa. Ubebe ingine.» Na ingine alishaishika mkononi. Nilibaki kidogo tu nilipe. Kilichoniokoa ni noti yangu ya mia, ilikuwa na mpasuko mdogo pembeni, na mnajua dola iliyochanika hapa kwetu haipokelewi na mtu. Nikarudi nyumbani na sanduku langu begani, nimenuna.

Jioni ile nikamwita jirani, mzee aliyefanya kazi ya umeme miaka mingi kabla ya kustaafu. Gemu hazijui wala hataki kuzijua. Alikuja na kipima volti, akachomeka ukutani, tukakaa kungoja. Saa kumi na mbili na nusu: 204. Saa moja kasoro robo: 187. Jirani wa kulia akawasha reshoo, yaani jiko la umeme, ya kupikia bukari (ugali), wa kushoto naye, na kwetu ndani vilevile. Saa moja na dakika nane kipima kikasoma 163, na kioo changu kikazima palepale.

«Mwana,» mzee akaniambia, «mashini haina ugonjwa. Iko na njala.»

Akavaa miwani, akaigeuza alimantasio, akaanza kunisomea yale maandishi madogo ambayo sikuwahi kuyatazama. Umeme wa kuingia: 200–240V. Maana yake chini ya 200 haikuahidi kitu, na sisi tulikuwa 163. Kisha akafika kwenye mstari wa volti 12, ule unaolisha kadi ya picha na prosesa: ampea 18. Zidisha mwenyewe, 12 mara 18 ni 216. Akaniuliza zile 650 za dhahabu zimetoka wapi, nikakosa la kujibu. Kadi yangu ni RX 6600, inakula hadi wati 132. Prosesa, Ryzen 5 5600, imeandikiwa 65, na ikikazana inapita hapo. Tayari ni 197, na bado sijahesabu feni na diski. Hata umeme ungekuwa mzuri, nilikuwa nimebakiza kijiko kimoja cha unga katika mfuko.

Niliyonunua baadaye ni ya 550W. Imeandikwa 100–240V, mstari wa volti 12 una ampea 45, yaani wati 540 za kweli. Nililipa dola 85 na mkono ulitetemeka. Ukiishika inakaa kama tofali. Ile ya kwanza ilikuwa nyepesi kama debe tupu, na uzito huo peke yake ungetosha kunishtua kama ningekuwa na akili siku ile. Hizi zenye PFC hai (sakiti inayorekebisha jinsi umeme unavyovutwa ukutani), kama hii yangu, hupandisha kwanza umeme unaoingia hadi karibu volti 400 za mkondo mnyoofu, ndipo zinaugawanya. Kwa hiyo ukutani kukiwa na 220 au 160, zenyewe hazijali sana. Ila volti zikishuka zinavuta ampea nyingi zaidi, basi ralonji (waya wa kurefushia umeme) ya bei ya chini itapata moto. Ya kwangu ilianza kunukia plastiki, nikaibadilisha. Na ukikuta alimantasio yenye kile kiswichi chekundu cha 115 na 230 nyuma, usikiguse hata kwa mzaha: ukikiweka 115 huku ukutani kuna 220, utasikia mlio mmoja tu.

Vingine nitasema haraka kidogo.

Prosesa sijaijutia. Ina koa sita, yaani sehemu sita zinazofanya kazi kwa pamoja, inakuja na feni yake ndani ya boksi, na inakaa kwenye soketi ya AM4 inayotumia ramu za DDR4. Nilitamani AM5, lakini hiyo inataka DDR5 peke yake, na bei ya bodi (sahani kuu inayobeba vipande vyote) na ramu ingenimaliza. Jambo moja tu ningelifikiria tena: 5600 haina picha ya ndani, yaani haiwezi kutoa picha kwenye kioo bila kadi. Siku kadi ilipokuwa mezani kwa fundi, mashine nzima ilikuwa sanduku la chuma. Mwenye pesa ya nusu leo na nusu baada ya miezi sita achukue 5600G, acheze gemu nyepesi kwa picha ya ndani huku akitafuta kadi. Itakuwa nyuma kidogo ya 5600 baadaye, kwa sababu kashe yake (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ni nusu, MB 16 badala ya 32, lakini angalau atacheza.

Bodi: angalieni sana B450. Chipu hiyo ilitoka 2018, Ryzen za 5000 zikaja 2020. Bodi iliyolala stoo muda mrefu bila kusasishwa BIOS (programu ya ndani ya bodi inayoiwasha mashine) haitaitambua prosesa, utaona giza tu, na muuzaji atakwambia prosesa ndiyo mbovu. Nilichukua B550 na kabla ya kulipa nikaomba iwashwe mbele yangu.

Kadi niliinunua mtumba. Kulikuwa na RTX 3060 ya GB 12 kwa bei iliyozidi kidogo, na wenzangu walinicheka kwa kuiacha. Ile inakula wati 170, hii 132. Anayeishi kwenye umeme wa hapa ataelewa. Niliichezesha nusu saa dukani kwanza, na kioo cha 1080p inakibeba bila jasho.

Ramu ni mbili za GB 8. Kijana alizipachika jirani jirani, nafasi ya kwanza na ya pili, kumbe kwenye bodi yangu zinatakiwa ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, ili zifanye kazi kwa njia mbili. Halafu zilikuwa zinakwenda kwa kasi ya 2400 wakati nimelipia 3200, mpaka nilipoingia BIOS na kuwasha XMP, mpangilio unaoziruhusu ramu kukimbia kasi iliyoandikwa. Bonyezeni Ctrl, Shift na Esc, muangalie kasi ya ramu yenu usiku huu. Naamini kuna watu watakasirika.

Diski NVMe (ile ya kasi inayochomekwa kwenye bodi) ya TB 1, na hapa sikubishana na mtu. Gemu moja kubwa inakaribia GB 100, na kuipakua kwa bando la simu ni sawa na kununua gemu mara ya pili. Sisi tunapeana kwa diski ya nje, mtu mmoja mwenye intaneti nzuri analisha mtaa mzima. Bila nafasi unafuta leo, unaomba tena kesho, na utachokwa.

Sanduku nililichagua la wavu mbele, lenye vichujio vinavyotoka. Kijana alinisukumia lile la kioo: «Yaya, iko na mataa!» Mataa yapo kweli, hewa ndiyo haipiti. Kuanzia Mei mpaka Septemba vumbi letu jekundu linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Nilipofungua baada ya wiki tatu za kiangazi, kichujio kilikuwa na blanketi la rangi ya matofali. Natumia brashi laini ya rangi na pampu ya mkono, huku nimeshika feni kwa kidole isizunguke.

Onduleri, yaani UPS, ninayo ya 650VA. Kwa kazi za kawaida inanipa dakika chache za kuhifadhi na kuzima. Ila umeme ukikatika katikati ya gemu nzito, yote inaanguka, kwa sababu umeme inaoutoa si wimbi laini na alimantasio za aina yangu haziupendi. Kwa hilo naipa alama ndogo, na nikipata pesa nitatafuta ya wimbi laini.

Miezi minane sasa. Jana saa moja na dakika kumi kipima kilisoma 158, taa ya chumbani imekuwa kama mshumaa, nami nilikuwa dakika ya 80 ya mechi na bado nacheza. Ile alimantasio ya dola 25 mdogo wangu alitaka kuiuza. Nilikataa. Niliiacha mwezi mzima bila umeme, mzee akaitoa matumbo, na sasa anaweka misumari ndani.