Pampu ya Bwawa la Bustani Malindi: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Ingia duka la vifaa vya ujenzi mjini Malindi uulize pampu ya bwawa la samaki wa mapambo, na mara nyingi utatolewa ile ya nusu farasi ya kupandishia maji tangini. Kwa kazi hiyo ni pampu nzuri. Kwa bwawa, iache papo hapo kaunta.

Namba zake zenyewe zinatosha kuikataa. Pedrollo PKm 60, kwa mfano, inapandisha maji hadi mita 40, lakini haitoi zaidi ya lita 40 kwa dakika, yaani lita 2,400 kwa saa. Bwawa linataka kinyume: maji mengi, mwinuko mdogo. Mota ni ya wati 370, na hiyo ni nguvu ya kwenye ekseli. Mita ya umeme inahesabu zaidi. Hata ukichukua 370 hizo tu, saa 24 ni karibu yuniti 9 kwa siku, yuniti 266 kwa mwezi. Halafu impela yake, lile gurudumu linalosukuma maji, imebanwa na kuta za pampu kwa upenyo mwembamba sana. Mchanga mwembamba ukipita humo unaisaga kidogo kidogo, shinikizo linashuka, na mwenye bwawa anadhani umeme ni mdogo.

Ya pili utakayoonyeshwa ni pampu ya maji machafu yenye floti, boya la kuiwasha na kuizima. Hiyo yafaa kukausha bwawa siku ya kulisafisha, basi. Nyingi hazikutengenezwa kuzunguka mchana na usiku, mdomo wake unameza vifaranga vya samaki, na sili, kizibo cha kwenye ekseli, ikichoka mafuta ya ndani yanaingia majini. Utando wa mafuta juu ya maji huwabana samaki pumzi.

Inayofaa ni pampu ya bwawa yenyewe: ya kuzamishwa, yenye rota ya sumaku inayozunguka ndani ya maji. Haina sili ya mafuta wala mafuta ya kuvuja. Maji ndiyo yanayoipoza, kwa hiyo ikiachwa kavu inaungua upesi. Tafuta ekseli ya kauri, hasa kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi. Ekseli ya chuma cha kawaida inashika kutu na rota inagoma. Soma pia lebo ya umeme. Pampu iliyoletwa kutoka Marekani ni ya volti 120 na hezi 60. Transfoma itaipa volti zake lakini hezi zitabaki 50 zetu, na rota itazunguka pungufu kwa sudusi.

Sasa ukubwa, na hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Kwenye boksi kuna namba mbili kubwa: lita kwa saa, na mwinuko wa juu kabisa. Hizo mbili hazitokei pamoja hata siku moja. Lita zilizoandikwa ni za pampu isiyopandisha maji popote. Mwinuko ulioandikwa ni pale maji yanaposimama bombani na hakuna hata tone linalotoka. Unachonunua wewe kiko katikati, na kinaonekana kwenye mchoro wa pampu, unaoonyesha lita kwa kila mwinuko, ambao muuzaji mzuri anao.

Chukua bwawa la mita 3 kwa 2, kina sentimita 60. Ni lita 3,600. Lenye samaki, maji yote yazunguke mara moja kwa saa. Lenye mayungiyungi tu, mara moja kwa saa mbili yatosha. Ukitaka na maporomoko, hesabu lita 100 hadi 150 kwa saa kwa kila sentimita ya upana wa mdomo, la sivyo maji yatalamba jiwe badala ya kuanguka kama pazia. Mdomo wa sentimita 30 kwa lita 120 unarudi kwenye 3,600 zile zile.

Mwinuko unapimwa kutoka uso wa maji, si kutoka pampu ilipo chini. Tuseme mita 1.2. Ongeza msuguano wa bomba, ambao mafundi wengi wanausahau. Kwa lita 3,600 kwenye bomba la mita 5, bomba lenye tundu la milimita 21 linakula kama mita 2.2 za mwinuko, kuliko hata maporomoko yenyewe! Lenye tundu la milimita 28, ambalo dukani huitwa la 32, linakula kama nusu mita. Ukijumlisha elbo mbili tatu, unahitaji pampu ya lita 3,600 kwenye mwinuko wa mita 2. Kwa kawaida boksi lake litasoma kama lita 7,000 au 8,000, na mwinuko wa mita 4. Ikiwa ni ya wati 85, kwa mwezi itakula yuniti 61. Linganisha na zile 266.

Hakuna mchoro? Omba ijaribiwe. Pampu ndani ya pipa lililojaa, mpira ufungwe kwenye ngazi kwa urefu unaoutaka juu ya maji, mtungi wa lita 20 chini ya mdomo, saa mkononi. Gawa 72,000 kwa sekunde ulizohesabu, utapata lita kwa saa. Sekunde 20 ni 3,600. Sekunde 35 ni kidogo tu juu ya 2,000, boksi liseme litakalosema.

Pampu za sola zinauzwa kwa maneno matamu, kwamba jua la pwani ni la bure. Jua ni la bure, lakini samaki hawafi mchana. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na usiku mimea ya majini huitumia badala ya kuitoa, kwa hiyo hatari ni alfajiri, saa ambayo pampu ya paneli bila betri imelala. Ukitaka pampu ya wati 20 ifanye kazi saa 24, usiku wa saa 12 unahitaji saawati 240: betri ya risasi ya volti 12, ampia-saa 50, na paneli ya wati 150 hivi. Njia ya nafuu zaidi ni pampu ya sola mchana na kipuliza hewa cha wati 5 usiku. Hicho kinatosheka na betri ndogo.

Siku ya kufunga, pampu ikae juu ya tofali, sentimita 10 kutoka chini, isivute tope. Na iwe upande ulio mbali na maporomoko, maji yazunguke kweli. Ivalishe tenga la plastiki lenye matundu makubwa. Neti ya chandarua inaziba kwa siku mbili ukiwa na mvinje au mwarobaini karibu. Ukitaka kupunguza maji, weka valvu upande wa kutokea, usibane upande wa kuvuta. Laini ya umeme iwe na breka ya miliampia 30 inayokata umeme ukivuja, na umeme uzimwe kabla ya mkono kuingia majini. Mrusho wa chemchemi usizidi nusu ya upana wa bwawa. Kusi ikianza kuvuma, hata huo utaushusha, ama asubuhi utakuta maji yamehamia kwenye maua.

Maji ya visima vya mwamba wa matumbawe yana chokaa nyingi, na jua likikausha bwawa, chokaa hubaki. Gamba jeupe likijijenga kwenye rota, pampu huanza kunguruma, kisha maji hupungua. Usikwangue kwa kisu. Iloweke rota kwa saa chache kwenye siki na maji nusu kwa nusu, isugue kwa mswaki, isuuze. Fanya hivyo kila baada ya miezi miwili mitatu.

Kwa nyumba ya kale ya Lamu yenye kiwanda kidogo, yaani ua wa ndani, huenda usihitaji pampu kabisa. Mabirika ya maji ya huko, yale ya kujengwa, yamewekewa visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu tangu zamani, bila waya wowote. Kwa bwawa la samaki wengi, nunua, na siku hiyo hiyo nunua rota ya akiba. Muuzaji asiyekuwa nayo leo, itakapovunjika atakuuzia pampu nzima.