Seti za makopo ya kupangia jiko: zipi zinarahisisha kazi, zipi ni za kupigia picha

Hesabu vifuniko kwanza. Seti inayotangazwa kuwa na "vipande 24" mara nyingi ni makopo 12 na vifuniko 12, na nyingine zimejumlisha mpaka kijiko cha kuchotea, kalamu na karatasi za lebo. Jikoni vipande havina maana. Kinachohesabika ni lita, na hapo ndipo seti nyingi zinapoanguka.

Unga wa ngano una hewa nyingi. Kilo moja iliyomiminwa bila kushindiliwa inajaza karibu lita 1.8, wakati kilo ya sukari au ya mchele inaenea kwenye lita 1.2 hivi. Kwa hiyo paketi ya unga ya kilo 2 inataka kopo la lita 4, ili ibaki nafasi ya kutumbukiza kikombe. Kopo kubwa la seti likiishia lita 3, unga wote hauingii. Unaobaki unakunjwa ndani ya mfuko wake, unabanwa na kurudishwa kabatini, na sasa unga mmoja una makazi mawili. Wiki mbili baadaye mtu ananunua mwingine kwa sababu ameangalia kopo tu. Huku nyuma, seti hiyohiyo imekuletea makopo manne ya nusu lita ambayo familia ya watu watano haijui iyatie nini.

Umbo ni suala jepesi: chukua ya mraba. Kopo la duara linatumia asilimia 78 hivi ya eneo ambalo la mraba lenye upana uleule lingetumia, na kona zinazobaki hazifai kitu. Mdomo uwe na upana wa sentimita 10 au zaidi, mkono uingie na kikombe cha kupimia. Ukingo ulionyooka ni faida ndogo yenye thamani, kwa kuwa unafutia kikombe juu yake na unga wa ziada unarudi koponi badala ya kumwagika mezani.

Vifuniko ndivyo vya kuchunguza kwa makini zaidi. Kifuniko cha klipu nne kinabana vizuri kuliko vyote, lakini kinataka mikono miwili na hatua nne za kufungua, kisha nne za kufunga. Kwa unga unaochotwa mara mbili kwa wiki, sawa. Kwa sukari inayoguswa asubuhi nzima na kila mtu, hapana: watoto watabana klipu mbili na kuondoka, na kifuniko kilichobanwa upande mmoja hakizuii hewa wala sisimizi. Sukari, majani ya chai na chumvi vipe kifuniko cha kitufe au cha kusukuma kwa kiganja. Cha kitufe kina kosa lake: kitufe kikiwa juu watu hukigeuza mpini wa kubebea, na kopo zito likichomoka njiani unafagia sakafu nzima.

Mwaka 1926 msanifu Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko lililokuja kufungwa katika maelfu ya nyumba za mji wa Frankfurt, Ujerumani. Vyakula vikavu viliwekwa kwenye vidroo vya alumini vyenye mpini upande mmoja na mdomo wa kumiminia upande wa pili, kila kimoja na jina lake. Unavuta, unamimina, unarudisha, yote kwa mkono mmoja. Unga peke yake uliwekewa chombo cha mti wa mwaloni, ambao uliaminika kuwafukuza viwavi wa unga. Ukikipima kifuniko cha klipu nne kwa kipimo hicho cha mkono mmoja, tumerudi nyuma.

Klipu zenyewe hukatikia kwenye bawaba, yaani ule ukanda mwembamba wa plastiki unaojikunja. Plastiki inayovumilia kukunjwa maelfu ya mara ni polipropilini, na alama yake ni namba 5 ndani ya pembetatu. Tafuta alama hiyo kwenye kifuniko, si chini ya kopo peke yake, kwa sababu mara nyingi ni plastiki mbili tofauti. Mwili unaong'aa kama kioo huenda ukawa namba 1, inayojikunyata kwa maji ya moto sana, au namba 6, inayopasuka ikianguka. Hivyo havifai mashine ya kuosha vyombo, hata kama vinapendeza rafuni.

Mpira wa silikoni unaozunguka kifuniko ndio unaofanya kazi yote, na ndio unaosahauliwa. Ujaribu siku ya kwanza: jaza maji theluthi ya kopo, funga, ligeuze juu ya karatasi kavu ya jikoni kwa dakika 10. Doa likitokea kwenye kona moja tu, mpira umejipinda ndani ya mfereji wake. Utoe, uurudishe ukianzia kwenye kona, rudia. Doa likibaki palepale, kifuniko kimepinda, kirudishe dukani. Makopo yakishaanza kutumika, adui ni vumbi la unga linalokaa kati ya mpira na ukingo. Futa ukingo kwa kidole kabla ya kufunga. Kila kopo linapoishiwa, chomoa mpira kwa mpini wa kijiko, kamwe si kwa ncha ya kisu, uoshe pamoja na mfereji, na usiurudishe mpaka ukauke kabisa. Ukungu mweusi unaoonekana kwenye vifuniko vya mwaka mmoja hutokana na mpira uliorudishwa ukiwa na unyevu. Silikoni pia hunyonya harufu, kwa hiyo kifuniko cha viungo kisihamie kwenye sukari.

Jambo moja wauzaji hulipindisha: kopo lisilopitisha hewa si dawa ya fukusi. Mayai huja tayari ndani ya nafaka. Weka paketi kwenye friza ya nyuzi -18 kwa siku nne, itoe, na usiifungue mpaka ubaridi uishe na ifikie joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa unajikusanya juu ya mchele na unaingia nao koponi. Faida ya kopo ni kwamba, wakitokea, wanabaki humohumo.

Na usijazie juu ya kilichobaki. Mimina cha zamani kwenye bakuli, tia kipya, kisha cha zamani juu. Tarehe ya mwisho iandike kwenye kipande cha tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, uibandike nyuma ya kopo. Lebo za chaki zinazokuja na seti hufutika kwa mkono wenye maji. Jina libandikwe mwilini, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Ila makopo yanayokaa droo ya chini yanasomwa kutoka juu, hayo yaandike kifunikoni.

Vikorokoro vingine. Kigawanyo cha droo chenye springi kinafaa droo ya mbao nene. Kwenye droo yenye ubavu mwembamba kinausukuma ubavu nje na droo inaanza kukwama. Rafu ya kuning'iniza mlangoni iache, uzito wake unalegeza bawaba za kabati. Kinacholipa kuliko vyote, makopo yenyewe yakiwemo, ni sinia la kuzunguka kwa chupa za mafuta, siki na michuzi. Pima kina cha ndani cha kabati, ondoa sentimita 2, hicho ndicho kipenyo. Kabati la ukutani lenye kina cha ndani cha sentimita 28 linachukua sinia la 26. Ukingo wake usipungue sentimita 2, ama chupa zitaruka mtoto akilizungusha kwa nguvu. Chagua la gololi za chuma. La plastiki juu ya plastiki hukwama mara tone la kwanza la mafuta linapokauka humo.

Kabla ya kulipia chochote, toa kila kitu kwenye kabati moja na uandike unanunua kilo ngapi za nini kwa mwezi. Kwa familia nyingi hesabu huishia kwenye makopo mawili ya lita 4 na manne ya lita 2, yakinunuliwa moja moja kutoka muundo uleule ili yapandane. Ya lita 4 yakae chini ya kiwiko, kwa kuwa hakuna wa kushusha kilo mbili kutoka juu ya kichwa kwa mkono wenye maji, na ya kila siku kati ya kiuno na bega. Muulize muuzaji kama mipira inauzwa peke yake. Kama haiuzwi, kopo hilo litaishi muda ule mpira wake utakaoishi.