Springi za paraboliki kwenye Land Rover 109: uzoefu wangu

Katika kazi zote nilizoifanyia Land Rover yangu 109 (namba ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) tangu nianze kuifufua, hakuna iliyolibadilisha gari kama kung'oa springi za zamani na kufunga za paraboliki. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa Arusha, Moshi na kwingineko ambao wana 109 au 88 nyumbani, rangi imeshapigwa, injini inawaka vizuri, lakini kila wakiingia barabara ya vumbi wanarudi mgongo unauma na kusema ndivyo Land Rover za zamani zilivyo. Sivyo zilivyo. Nyingi zinatembea juu ya springi zilizokwisha kufa.

Gari lenyewe ni Series III, toleo lililotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Langu ni la 1978, la abiria, injini ya petroli ya sisi 2,286, na kabla halijanifikia lilikuwa la misheni. Wengi hudanganywa na bodi. Bodi ya Land Rover hizi kwa sehemu kubwa ni ya aluminiamu, haili kutu kama bati la kawaida, hivyo mtu anaona gari zima. Chini yake chesisi ni chuma, na springi ni chuma, na huko ndiko miaka inakojificha. Springi za nyuma za 109 ni rundo nene la mabamba yaliyolaliana kuanzia mwanzo hadi mwisho. Zilipokuwa mpya yale mabamba yaliteleza moja juu ya jingine. Kwenye gari langu kutu ilikuwa imejaa katikati ya kila bamba na kuyashikanisha, rundo zima likawa kitu kimoja kigumu. Nilisimama kwenye bampa la nyuma nikaruka, gari halikushuka hata kidogo. Kila jiwe la barabarani lilikuwa linapanda moja kwa moja hadi kwenye chesisi, kisha kwenye kiti.

Springi ya paraboliki ina mabamba machache, mbele mawili kwa seti yangu. Kila bamba ni nene katikati na linapungua unene kuelekea ncha zake, kwa hiyo linapinda kwa usawa urefu wake wote badala ya kutegemea wenzake. Mabamba hayagusani ila katikati yalipofungwa na kwenye ncha. Hapo kati kuna nafasi unayoweza kupitisha kidole. Msuguano ni mdogo sana, na kutu haipati pa kugandisha.

Kuna wanaoshauri kuhamia springi za koili, zile za chuma kilichozungushwa, kwa kuwa Land Rover wenyewe walihamia huko walipotoa gari jipya la One Ten mwaka 1983. Kwangu hilo si kufufua gari, ni kutengeneza jingine. Lazima ukate na kuchomelea chesisi, na ukishakata hakuna kurudi nyuma. Paraboliki zinaingia kwenye matundu yale yale ya kiwandani, na springi za zamani bado ziko stoo kwangu, akitokea mtu baada yangu anayetaka gari kama lilivyozaliwa atazirudisha.

Mzee mmoja, fundi aliyezitengeneza gari hizi tangu zilipokuwa mpya, alikuja kuangalia seti ilipofika. Nikamwamkia, akainama, akaigusa springi ya mbele, akaniuliza, "Mwanangu, mabamba mawili haya yatabeba nini?" Ni swali la haki, na kila aliyeziona aliniuliza kwa namna yake. Jibu lake liko kwenye unene wa bamba, si idadi. Lakini pia liko kwenye kuagiza seti sahihi, maana zinauzwa kwa daraja za uzito, na 109 ya abiria au ya mizigo inahitaji za nyuma zilizo nzito kuliko za 88. Muulize muuzaji pia kama bamba la pili limezungushwa kulizunguka jicho (tundu la bolti kwenye ncha) la bamba la kwanza, kama springi za jeshi. Likivunjika bamba kuu porini, hilo la pili linaishika ekseli isikimbie. Kwangu hilo ni sharti.

Sitaandika jina la kampuni, kwa sababu ninachosifu na ninacholalamikia kinahusu aina hii ya springi zaidi ya chapa. Tuliagiza pamoja wenye magari kadhaa ili tugawane gharama ya meli, kwa sababu springi ni nzito na usafirishaji unauma kuliko bei ya bidhaa. Rangi yake ilikuwa nyembamba, imechubuka njiani. Nilizipiga brashi na kuzipaka upya kabla ya kufunga, na ningemshauri kila mtu afanye hivyo. Nati za U-bolti (bolti za umbo la U zinazoifunga springi kwenye ekseli) zilikuja pungufu kwenye boksi moja, na muuzaji hakujibu ujumbe. Tulinunua nati mjini.

Sasa kazi yenyewe, maana hapa ndipo springi nzuri inapoharibiwa. Kabla hujalegeza bolti yoyote, chukua nyundo ndogo ugonge chesisi mahali springi zinaposhikilia, hasa mikono ya springi za nyuma (vyuma vya chesisi vinavyoshika springi) na ncha za mbele kabisa chini ya bampa. Sauti ikiwa kavu na kali, chuma kipo. Ikiwa butu, chukua bisibisi uchokonoe. Kwangu mkono mmoja wa nyuma ulitoboka kwa bisibisi. Tulikata sehemu yote iliyooza, fundi akachomelea bamba jipya la chuma cha unene ule ule. Kufunga springi mpya kwenye chesisi iliyooza ni hatari kwa maisha, liseme hilo wazi kwa yeyote anayekuharakisha.

Kinachokula muda ni busha, zile zinazokaa kwenye matundu ya bolti za springi. Busha za zamani zina mkono wa chuma (kama bomba fupi) nje na mpira ndani, na ule mkono wa chuma unashikana na chesisi kwa kutu kiasi kwamba nyundo haiambulii kitu. Njia iliyofanya kazi ni hii: choma mpira kwa moto wa gesi (fanya nje, moshi wake ni mbaya), pitisha msumeno wa chuma ndani ya tundu, kata mkono wa busha polepole bila kugusa chesisi, kisha upige tindo kwenye mkato ule ujikunje na kutoka. Ni kazi ya subira, mkono unachoka. Anayejaribu kuokoa muda kwa kutanua tundu kwa moto ataharibu chesisi.

U-bolti zinunuliwe mpya. Za zamani zimeshavutika. Na bolti za shakeli (kiungo kati ya ncha ya springi na chesisi) na za macho ya springi zisikazwe gari likiwa juu ya stendi. Ziingize, zibane kwa mkono, shusha gari likae kwa uzito wake kwenye matairi, ndipo ukaze. Ukizikaza gari likiwa hewani, mpira wa busha unashikwa ukiwa umejisokota, na utakatika mapema. Nimeona gari la mwenzetu mmoja lililofungwa haraka hivyo gereji, busha zikaisha upesi, lawama zikaenda kwa springi.

Shokapu nazo zibadilishwe. Springi za zamani zilijizuia zenyewe kwa ule msuguano wa mabamba. Za paraboliki hazijizuii, kwa hiyo shokapu inabeba kazi yote ya kutuliza gari, na zinashuka zaidi, kwa hiyo inahitajika shokapu ndefu kuliko ya kiwandani. Angalia pia mipira ya breki. Inua gari mpaka ekseli ining'inie, uone kama mpira unavutika. Wa nyuma kwangu ulikuwa umenyooka kama kamba, nikaweka mrefu zaidi siku hiyo hiyo.

Barabarani? Mimi hupenda kupima gari kwenye njia ya Mto wa Mbu kwenda Engaresero, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kwa sababu kule kuna rasta (matuta madogo madogo yanayofuatana kwenye vumbi), mchanga, mawe na makorongo kwenye safari moja. Kwenye rasta ndipo nilipoona nilichokuwa nimenunua. Zamani gari lilikuwa likihama upande lenyewe, nyuma ikitafuta njia yake, na ilibidi nipunguze mwendo mpaka wa mtu anayetembea. Sasa matairi yanafuata ardhi, stelingi imetulia mkononi, na abiria wa nyuma wanaongea bila kupiga kelele. Kwenye makorongo tairi linashuka mbali kabla halijaning'inia, kwa hiyo mara nyingi napita na gea ndogo mahali ambapo zamani ningebaki natafuta mawe ya kupanga.

Lami ni habari nyingine. Kwenye kona za kupanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu gari linalala zaidi kuliko zamani, na mwenye shokapu dhaifu atalala zaidi. Pia nikiondoka kwa nguvu kwenye mlima mkali nasikia ekseli ya nyuma ikijisokota kidogo, kwa sababu mabamba machache hayaishiki kama lile rundo. Kuachia klachi taratibu kunatosha. Na seti yangu ilikuja springi za kulia na kushoto zikiwa sawa, wakati za kiwandani upande wa dereva husimama juu zaidi kwa ajili ya uzito wake. Nikiendesha peke yangu gari linainamia kulia kidogo.

Anayebeba matofali, mchanga au magunia kila siku asinunue. Kwake rundo la zamani ndilo sahihi, na kuna njia nafuu sana: zifungue, safisha kila bamba mpaka chuma, mpelekee fundi wa springi azirudishe mkunjo wake, zipake grisi nzito kati ya mabamba, funga na busha mpya. Nimeendesha 88 iliyofanyiwa hivyo, na ilinishangaza. Haifikii paraboliki, ila iko karibu kuliko wengi wanavyodhani, na gharama yake ni sehemu ndogo tu.

Land Rover zilipokusanyika Arusha Oktoba 2024 nilifurahi kuona nyingi zimepakwa rangi vizuri mno. Natamani tuonyeshane na chini pia. Tupige picha za mikono ya chesisi, za busha zinazotoka, za shakeli, maana mwenzako anayeanza anahitaji hizo kuliko picha ya boneti inayong'aa. Kwa anayeagiza sasa: seti ya springi nne, U-bolti mpya zote, busha zote, bolti na shakeli mpya, shokapu nne ndefu na mipira ya breki, vyote kwenye mzigo mmoja. Baada ya safari ya kwanza ya vumbi kaza U-bolti tena, na ukaze tena baada ya safari inayofuata, kwa sababu zinalegea zikikaa mahali pake.