Nakala tatu za meza ya kubizimu: ipi ya kutundika?

Wachoraji wa kubizimu, mtindo wa kuonyesha kitu kimoja kutoka pande kadhaa kwa pamoja, waliipenda sana meza ya nyumbani, na vikombe, chupa na magazeti yake. Si kila meza yao, lakini, inastahimili kuchapishwa na kutundikwa ukutani.

Inayostahimili zaidi ni Le goûter ya Jean Metzinger (1911), mwanamke mwenye kijiko mkononi na kikombe mbele yake. Kikombe chenyewe kimegawanywa: nusu moja unaiona kwa ubavu, nusu ya pili kwa juu. Ni rangi ya mafuta tupu, hakuna kilichobandikwa, hivyo mashine haipotezi mengi. Inaharibiwa na fremu. Picha halisi ni sentimita 75.9 kwa 70.2, karibu mraba. Ukiagiza ya 70 kwa 50 na mchapaji akaijaza fremu yote, upana unapungua kwa karibu sentimita 15. Mwambie aitoe nzima, kama 54 kwa 50, na aache ukingo mweupe wa sentimita 8 juu na chini.

Inayoudhi ni Le petit déjeuner ya Juan Gris (1914). Gris alibandika vipande vya karatasi ya ukutani na karatasi iliyochapwa mistari ya mbao, kisha akachora vyombo vya kahawa juu yake. Utamu uko pale kipande kinapoishia na mstari wa mkono unapoendelea. Karatasi ya kung'aa inavilaza vyote usawa mmoja, na meza inakuwa kama ya plastiki. Omba karatasi isiyong'aa, nukta 300 kwa inchi. Turubai usiiguse; nyuzi zake zinagombana na mistari ya mbao.

Halafu ile ya Picasso ya 1912 yenye ususi wa kiti. Ajabu yake, ususi ndio unaotoka safi kuliko vyote, maana hata yeye hakuuchora: ni kitambaa cha mezani cha kiwandani, kilichokuja tayari kimechapwa. Kamba ya kweli iliyoizunguka picha ndiyo inayokufa. Kwenye nakala kivuli chake kimeganda upande mmoja, hata kama taa yako iko upande huohuo. Picha halisi ni sentimita 29 kwa 37 tu, kwa hiyo usikubali ikuzwe. Uliza pia kuhusu pembe, kwa sababu umbo lake ni la yai na pembe nne zinabaki tupu. Wapo wanaozijaza weusi. Nyeupe ni afadhali.