DDJ-FLX4 kwenye masherehe ya Dar: kitufe cha kuunganisha nyimbo kinapiga kazi mpaka MC ashike maiki

Wadau, kuna swali halijawahi kuisha, mtu ana laptop, ana nyimbo, anataka aanze kupiga mziki kwenye masherehe, anauliza achukue kontrola gani, yaani mashine ya DJ ya kuchomeka kwenye laptop, ili nyimbo ziungane bila watu kusikia pale moja ilipoishia na nyingine ilipoanzia. Jibu analopewa harakaharaka ni Pioneer DJ DDJ-FLX4. Mimi ninayo, nimeipiga nyumbani Tabata na nimezunguka nayo kumbi za Sinza mpaka Mbagala, so ngoja niiseme ilivyo, hasa upande huo wa kuunganisha, maana mambo ya taa na muonekano mtajionea wenyewe dukani.

Kwa ufupi: ilikuja kuchukua nafasi ya DDJ-400 iliyokuwa sokoni tangu 2018. Chaneli mbili, yaani nyimbo mbili kwa wakati mmoja, uzito kilo 2 na kidogo, inaingia kwenye begi la mgongoni unapanda nayo hata boda. Umeme inakula kutoka kwenye laptop kwa waya wa USB-C, kwa hiyo umeme ukikatika ukumbini yenyewe inabaki inawaka vizuri kabisa, spika tu ndo zimezima, haikusaidii kitu lakini inawaka. Ukiichomeka, programu ya DJ ya rekordbox inafunguka bila kulipia, programu nyingine ya Serato DJ Lite nayo bure, ila ukitaka Serato DJ Pro hapo jiandae kutoa hela. Inakubali pia simu kwa bluetooth, unaipa umeme wa chaja au pawa benki, mimi naona hiyo ni ya kujifunzia sebuleni, kazi ya watu ukumbini chomeka waya.

Sasa kitu ambacho wauzaji wa Kariakoo wanakipigia debe kuliko vyote ni kitufe cha Smart Fader. Ukikiwasha, kazi yako ni kusogeza fada (kitelezi cha sauti) tu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, yenyewe inashughulika na sauti, inapunguza besi ya wimbo unaotoka, inavuta kasi ya nyimbo mbili zikutane. Na sidanganyi, amapiano kwa amapiano inatoka safi. Hizo nyimbo nyingi zinacheza kwenye biti 110 mpaka 115 kwa dakika, zina mwanzo mrefu wa ngoma na shekere bila mtu kuimba, zina mwisho mrefu pia, yaani ni kama zimetengenezwa na mtu anayejua kuna DJ anazisubiri. Hapo hata shemeji yako ambaye hajawahi kugusa mashine akisogeza fada utasema amesomea.

Shida inaanza ukitoka hapo. Bongo fleva nyingi zina mwanzo mfupi, sekunde kadhaa za gitaa au kinanda afu mtu keshaanza kuimba. Kitufe hakijui kama anayetoka bado yuko katikati ya kiitikio, hakijui kama anayeingia anaanza kuimba baada ya biti nane, kinafuata mkono wako tu. Ukisogeza wakati mbaya unapata waimbaji wawili juu kwa juu kama madalali wawili wa stendi wanagombea abiria mmoja, na ukumbi mzima unageuka kuangalia meza ya DJ.

Kwa hiyo la kujifunza kabla hujakizoea hicho kitufe ni kuhesabu. Nyimbo zetu karibu zote ni biti nne kwa kipande, na vitu vinabadilika kila baada ya vipande vinane, yaani biti 32. Ubeti unaingia hapo, kiitikio kinaingia hapo, besi inadondoka hapo. Wimbo wa 112 biti 32 zinaisha kwa sekunde kama 17, wimbo wa 100 ni kama sekunde 19. Muda huo sio mwingi lakini unatosha kabisa kama umeshajiandaa. Unachofanya, wimbo wa pili unauweka kwenye biti ya kwanza kabisa, unatega alama kwa pedi ya Hot Cue, ukiibonyeza wimbo unaruka mpaka hapo, unasikiliza kwenye hedfoni, na wimbo wa kwanza ukianza vipande vinane vya mwisho baada ya kiitikio, unaachia. Ukiwahi au ukichelewa kipande kimoja watu wa kawaida hawatajua kilichotokea ila miguu yao itajua, utawaona wanasita kidogo.

Afu besi. Mimi FLX4 nimeipendea hapa, sio kwenye kitufe. Kila chaneli ina nobu tatu, za juu, za kati na za chini, na zina uzito mzuri mkononi, hazizunguki ovyo. Wimbo wa pili unauingiza ukiwa na besi imefungwa kabisa kushoto, fada unaipandisha taratibu, watu wanaanza kusikia kofi na shekere za wimbo mpya bila kujua kama ni mpya. Unahesabu. Biti ya kwanza ya kipande cha tisa inapogonga, mkono wa kushoto unafunga besi ya wimbo wa zamani, wa kulia unafungua ya mpya, kwa pamoja, mara moja, sio taratibu. Ngoma kubwa inahamia wimbo mpya na hakuna aliyesikia mshono. Besi mbili zikiwa wazi kwa pamoja, zile spika kubwa za kukodi zinaanza kuvuma tu, huelewi ngoma iko wapi, na taa za mita kwenye mashine zinakimbilia nyekundu. Taa nyekundu sio sifa jamani, punguza nobu ya trimu, ile ya kupimia sauti ya wimbo unaoingia. Nyimbo za zamani zilirekodiwa kwa sauti ya chini kuliko za siku hizi, so kila ukibadilisha zama angalia mita kwanza kabla hujapandisha fada.

Kwenye kasi, mashine ina slaida ndefu ya kutosha, sio zile fupi za vidole viwili. Kwenye rekordbox unaweza kuichagulia ifike asilimia 6, 10, 16 au zaidi. Hesabu iko hivi, kutoka wimbo wa 102 kwenda wa 112 ni karibu asilimia 10, na ukiongeza kasi kwa asilimia 6 bila kuwasha Master Tempo, kile kitufe kinachozuia sauti isipande pamoja na kasi, sauti inapanda kama nusu toni nzima, msanii unayemjua anaanza kuwa mtoto. Washa Master Tempo, ila hata ukiiwasha usivute sana, kuanzia asilimia nane hivi sauti ya mtu inaanza kukwaruza, hasa kama wimbo wenyewe ni ule ulioshushwa YouTube. Mimi nyimbo za harusi nazipanga ngazi ngazi, za 95, za 100, za 105, za 110, napanda nusu saa nzima bila mtu kuhisi amepandishwa.

Singeli sasa. Hapa nina maneno maana wengi wanasema singeli haiungwi na kitu, unakata tu unapiga kelele "Temekeee" unaendelea. Si kweli. Singeli inakimbia 200 na zaidi, na amapiano ya 112 ukiizidisha mara mbili ni 224. Umeona? Biti moja ya amapiano inabeba biti mbili za singeli. Programu yenyewe inaweza ikaisoma singeli ya 220 kama 110, na kwa kazi hii huo sio ubovu, ni msaada, maana ukibonyeza Sync, kitufe cha kulinganisha kasi, zinakaa pamoja. Unachukua amapiano iliyobaki ngoma tu, unaifunga kwenye luupu ya biti nne, yaani inajirudia hapo hapo, unaipunguza biti mbili, biti moja, nusu, watu wanaanza kupiga mayowe wenyewe, afu unaachia singeli kwenye biti ya kwanza na besi yake yote wazi. Mbagala ukifanya hivi viti vinasukumwa pembeni. Smart Fader haiwezi hii hata kidogo, sio kazi yake.

Zilipendwa ni habari nyingine. Nyimbo za Msondo, za Sikinde, za Marijani Rajab, zile zilipigwa na bendi nzima kwa mkupuo studio za Radio Tanzania, mpiga tumba ni binadamu, kwenye sebene anachangamka kasi inapanda. Gridi ya programu, ile mistari inayoonyesha biti ziko wapi, ukiiacha kawaida inateleza, mwanzoni ziko sawa dakika ya tatu zinagongana. Rekordbox ina namna ya kuchambua inayoitwa Dynamic ambayo inafuata mabadiliko hayo, chagua hiyo kwa folda lako la zilipendwa. Na hata hivyo usilazimishe muungano mrefu. Washa Echo (mwangwi) kwenye Beat FX, sehemu ya madoido ya sauti, subiri mwisho wa mstari wa kuimba, shusha fada, mwangwi ukimalizikia tu wimbo mwingine umeshaingia. Wazee hawataki ufundi wako, wanataka wimbo wao uishe kwa heshima, na ukimkata baba wa bibi harusi katikati ya sebene utaitwa mezani kwa kamati.

Tukirudi kwenye harusi, kuna jambo ambalo video za wazungu hazifundishi. Mtaalamu wa London anakuonyesha muungano wa dakika mbili, nyimbo mbili zinapendana mpaka unasinzia. Ukumbini Dar unaye MC. Upo katikati ya muungano wako mzuri kabisa, umehesabu, besi iko tayari kubadilika, MC anainua mkono "DJ kata kata kata, upande wa bwana harusi simameni!" Basi umekata. Dakika moja baadae "DJ mwagaaa" na hapo hataki mwanzo wa taratibu, anataka kiitikio papo hapo, mashangazi wako nusu ya ukumbi na zawadi kichwani. Kwenye hili pedi za FLX4 zimenisaidia kuliko kitu kingine, zipo nane kila upande, natega pedi ya kwanza kwenye biti ya mwanzo, ya pili kwenye kiitikio, ya tatu pale ngoma inapobaki peke yake. MC akisema mwaga, kidole kimeshafika. Hiyo nayo ni kuunganisha, tofauti ni kwamba wimbo unaunganishwa na maneno ya MC.

Mapungufu yapo na sio ya kuficha. Kutoka nyuma ina RCA tu, zile tundu za nyekundu na nyeupe, hakuna XLR ya pini tatu wala jeki kubwa za kwenda kwenye mikseri ya ukumbi, so beba waya wako wa RCA kwenda jeki, na usiwe mrefu, RCA ikipita mita nyingi karibu na nyaya za umeme inaokota mvumo. Hedfoni ni tundu dogo la 3.5 tu, zile za waya mnene zinataka adapta. Haina skrini, kwa hiyo macho yako kwenye laptop muda wote na hii inalea uvivu, mtu anaunganisha kwa kuangalia mawimbi badala ya kusikiliza. Funika skrini kwa karatasi ukiwa unafanya mazoezi, zima Sync, linganisha kwa sikio na slaida peke yake. Utatukana siku za mwanzo. Lakini siku gridi imekosea mbele ya watu, na itakosea, sikio ndo litakalokuokoa.

Maiki ina tundu moja tu, na kwa heshima zote usimpe MC maiki ya kwenye kontrola yako, yeye akae kwenye mikseri ya ukumbi na wewe ubaki na mziki wako.

Je ununue? Kama unaanza na unataka masherehe, ndio, bila kusita, kwa sababu vidole vitazoea mpangilio unaofanana na mashine kubwa za Pioneer utakazozikuta klabu za Masaki, hutahama upya. Kama umenunua kwa ajili ya Smart Fader peke yake bora hiyo hela ukanunue hedfoni nzuri, maana kuunganisha kunaanzia masikioni. Bei siitaji, Kariakoo bei inategemea umevaa nini na umeshuka kwenye gari gani, nenda maduka matatu mtaa mmoja afu rudi la kwanza. Na ukichukua iliyokwishatumika usiishie kuona taa zinawaka, nenda na laptop yako na wimbo unaoujua, funga besi kila upande usikie kama inapotea kabisa, sogeza slaida ya kasi polepole uangalie namba kwenye skrini kama zinaruka, bonyeza pedi zote kumi na sita moja moja. Pedi ya kwanza ya kushoto ndo huwa imechoka kuliko zote.